Somo: PHP inagoma kuongea na MySQL, anzia hapa kabla hujafuta chochote

Wakuu salama, leo tuongee hili tatizo la draiva, kile kipande kinachoiwezesha PHP (lugha ya kuandikia tovuti) kuongea na databesi kama MySQL, maana kila wiki naona mtu kafuta MySQL yote na data zake ndani, kisa tu sistimu imemwandikia `could not find driver`. Inaniuma kweli, kwa sababu huo ujumbe hauhusiani kabisa na MySQL. Hapo PHP bado haijatoka hata nje ya nyumba yake, inakwambia sina draiva ya kuendea huko, basi. Seva ya databesi inaweza kuwa nzima kabisa.

Mimi mwenyewe lilishanikamata. Nilikuwa naweka sistimu ya mauzo ya duka moja la dawa kwenye Ubuntu, nikaanza saa 3 usiku, naandika `php -m | grep -i mysql` naona mysqli, mysqlnd na pdo_mysql zote zipo, nafungua kwenye brauza, `could not find driver`. Naweka upya, naristati mashine, vile vile. Mpaka saa 8 usiku ndo nikagundua kwenye terminali nilikuwa natumia PHP 8.1 na tovuti inaendeshwa na PHP 8.3, yaani draiva ninayo ila nimeiweka kwa jirani.

Kwa hiyo hatua ya 1, jua ni PHP ipi inayolalamika. Tengeneza faili dogo lenye `<?php phpinfo();` ulifungue kwenye brauza, tafuta mstari wa Loaded Configuration File. Mimi ulisomeka `/etc/php/8.3/fpm/php.ini`, halafu kwenye terminali `php --ini` ikasema `/etc/php/8.1/cli/php.ini`. Hizo ni nyumba mbili. Ukimaliza kuangalia lifute hilo faili, linaanika mambo mengi ya seva yako kwa kila anayepita.

Hatua ya 2, weka draiva ya toleo lile lile uliloliona kwenye brauza: `sudo apt install php8.3-mysql`, kisha `sudo systemctl restart php8.3-fpm`. Hii ristati watu wanaisahau sana, PHP inasoma ekstensheni (viongezeo vyake, draiva ikiwemo) inapowaka tu, usipoiristati itaendelea kukuambia haina. Kwa Windows fungua php.ini, tafuta `;extension=pdo_mysql`, toa hiyo nukta-mkato ya mwanzo, uristati Apache.

Hatua ya 3 ndo yenye mambo, ujumbe ukibadilika. Furahi ukibadilika, maana yake umesogea. Usome mpaka mwisho, namba na maneno yote.

Ukiona kosa namba 2002 na `No such file or directory`, shida ni neno localhost. Kwenye Linux ukiandika localhost PHP haipiti kwenye mtandao, inatafuta soketi, faili kama `/var/run/mysqld/mysqld.sock`. Isipolikuta inakwama. Jaribu kuandika `127.0.0.1`, hapo itapita kwenye poti 3306. Ikija 2002 ila sasa ni `Connection refused`, basi huko kwenye poti hakuna anayesikiliza, angalia kama MySQL imewaka na iko poti gani.

Ukiona `The server requested authentication method unknown to the client`, hapo draiva yako ni ya zamani na seva ni mpya. MySQL 8.0 ilipotoka 2018 ilibadilisha njia ya kuhakiki paswedi ikawa `caching_sha2_password`. Mtandaoni utaambiwa mrudishe yuza kwenye `mysql_native_password`, mimi sikushauri, kwenye 8.4 imezimwa na kwenye 9.0 imeondolewa kabisa, utakuwa umejichimbia shimo la kesho. Panda PHP kuanzia 7.4 uachane nalo.

Na kosa namba 1698 kwa root (yuza mkuu wa MySQL) kwenye Ubuntu: root pale anaingia kwa `sudo`, paswedi haimsaidii. Tengeneza yuza wa sistimu mwenye ruhusa za databesi hiyo moja tu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu mimi natumia Docker, nimeweka 127.0.0.1 kama ulivyosema bado Connection refused, na MySQL naiona imewaka.*

Ndugu, Docker inaendesha kila programu kwenye kontena, chumba chake cha peke yake, na ndani ya kontena 127.0.0.1 ni hiyo hiyo kontena, na MySQL iko kontena nyingine. Kwenye DB_HOST weka jina la huduma ulilolipa kwenye faili la compose, mfano `db`. Poti iache 3306 hata kama kwa nje umeitoa kwa 3307. Na kama imeji (kifurushi cha kuundia kontena) ni ile rasmi ya PHP, draiva haiji nayo, ongeza `docker-php-ext-install pdo_mysql` kwenye Dockerfile.

*Kaka samahani, phpMyAdmin naingia vizuri na paswedi ile ile, Laravel inanipa 1045 Access denied. Nimekopi na kupesti, sijakosea herufi.*

Dada, paswedi ina alama ya #?

*Ndiyo, katikati.*

Basi ndo hiyo. Kwenye .env, lile faili la mipangilio ya Laravel, kuanzia # kwenda mbele inahesabiwa ni maelezo, kwa hiyo Laravel inapeleka nusu ya paswedi. Izungushie alama za kunukuu, halafu `php artisan config:clear`.

*Imekubali!! Siku mbili nahangaika jamani, Mungu akubariki.*

*Na sisi wa SQL Server kwenye XAMPP? Nimeshusha php_pdo_sqlsrv haionekani kwenye phpinfo.*

Mkuu, jina la lile faili lisome taratibu. `php_pdo_sqlsrv_82_ts_x64.dll` maana yake PHP 8.2, ts (thread safe), biti 64, na vyote vitatu lazima vilingane na phpinfo yako. Pale kwenye Thread Safety ikisomeka enabled chukua ts, disabled chukua nts. Pia lazima uweke ODBC Driver ya Microsoft kando. Ukiweka 18 ukapata kosa la cheti, ni kwa sababu kuanzia hiyo 18 usimbaji unawashwa wenyewe, kwenye mashine ya majaribio ongeza `TrustServerCertificate=true`, ila kwenye seva ya kazi weka cheti halali.