Vinywaji vya kupoza joto la Chennai: mtindi, sukari guru na ulezi

Anayetoka Dar au Mombasa hudhani joto analijua. Akifika Chennai, kusini mwa India, mwezi wa Mei, katika zile wiki ambazo Watamil, wenyeji wa huku, huziita kathiri, saa mbili tu asubuhi shati limeshalowa, na mchana kipimo hugota 40. Mimi naishi hapa, mtaa wa Thousand Lights, nawakalimania wagonjwa wanaokuja kutibiwa kutoka kwetu. Ndugu wanaowauguza ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mgonjwa ana daktari wa kumwangalia, lakini wao wanashinda juani kutafuta dawa na chakula huku wamebeba soda ya baridi. Soda haikati kiu ya namna hii. Nawaomba wajifunze vinywaji vya watu wa huku.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kuwasha jiko. Kusini mwa India kinywaji cha kupoza hakitegemei barafu. Kinategemea chumvi, uchachu na viungo, na lazima kiwe chepesi. Mtu anayetoka jasho kutwa anapoteza maji na chumvi pamoja, na maji matupu hurudisha kimoja tu. Tangawizi na pilipili nazo zinaongeza jasho kidogo, na jasho hilo likikauka chini ya feni ndipo ubaridi unapokuja. Wageni wengi hukunja uso wakionja pilipili ndani ya kinywaji. Kufika glasi ya pili wanaomba nyingine.

Anza na neer mor, maana ndiyo inayonywewa kila siku na kila nyumba. Inahitaji mtindi usio na sukari wala ladha yoyote, kikombe 1 kwa vikombe 3 vya maji. Ndiyo, vitatu. Ukiona inafanana na maji yaliyosuuza glasi ya maziwa, umepatia. Ukiifanya nzito inakuwa chakula, itakulaza badala ya kukuamsha. Mtindi ulioanza kuchachuka sana ndio mzuri zaidi. Uongezee tu maji.

Pekecha mtindi peke yake kwanza mpaka ulainike, ndipo umimine maji kidogo kidogo huku unaendelea kupekecha. Ukitia maji yote kwa mpigo, mabonge hayatoki tena. Kisha chukua kinu kidogo: tia kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nusu ya pilipili mbichi iliyotolewa mbegu, majani 6 au 7 ya karipata, yale ya kunukiza mchuzi, na chumvi robo tatu ya kijiko cha chai. Ponda vyote pamoja na chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoyakamua majani. Usitumie blenda hapa. Blenda inasaga karipata mpaka inatoa uchungu, na povu linajaa jagi zima. Changanya na mtindi, tia mvuje kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili, acha robo saa, chuja, nyunyizia kotmiri iliyokatwa.

Mama mwenye nyumba wangu, ninayemwita Amma kama wanavyomwita majirani wote, humalizia kwa kukaanga. Kijiko cha chai cha mafuta kwenye kikaango kidogo, nusu kijiko cha haradali, na zikianza kupasuka anazima moto, anatupia majani mengine mawili matatu ya karipata, anamwaga juu ya jagi. Inanukia mpaka ngazini. Lakini mchana wa joto kali hata yeye huacha kukaanga, na sioni kinachopungua. Watu wa jimbo jirani la Kerala wana yao, sambharam, ambayo hupondwa pamoja na vitunguu vidogo vyekundu. Ni kali zaidi, nami naipenda kuliko zote ninapokula wali.

Kwa aliye safarini asiye na jiko, Aavin, chama cha maziwa cha jimbo letu la Tamil Nadu, huuza mor yenye viungo katika pakiti ndogo. Inafaa. Na ukipita kwenye vibanda vya makuti vinavyojengwa kando ya barabara wakati wa kiangazi, ukakuta watu wanagawa maji na mor bure, pokea kwa mikono miwili na ushukuru. Tahadhari yangu ni maji tu: nyumbani tumia ya kuchemsha, au ya yale madumu ya lita 20 yanayoletwa mlangoni.

Panakam ni tamu, na haihitaji moto kabisa. Gramu 150 za sukari guru, lita 1 ya maji. Ivunje vipande, iloweke mpaka iyeyuke, kisha uchuje kwa kitambaa, kwa sababu sukari guru nzuri huja na mchanga na vijiti vya miwa. Tia nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu ya unga, hiliki 4 zilizotwangwa, pilipili manga kidogo, chembe ya chumvi, na maji ya ndimu 1. Wahindu huigawa siku ya Rama Navami, sikukuu ya kuzaliwa mungu wao Rama, Machi au Aprili, joto linapoanza kupanda. Huko Mangalagiri, Andhra Pradesh, kuna hekalu la mungu Narasimha ambamo panakam ndiyo sadaka yenyewe, humiminwa kinywani mwa sanamu. Mwenye kisukari asidanganyike kwamba sukari guru ni dawa. Ni sukari.

Sasa koozh, ambayo ningependa kila Mswahili aijue, kwa sababu ni ulezi wetu. Wataalamu wa mimea wanasema ulezi ulianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, upande wa Ethiopia na Uganda, ukafika India maelfu ya miaka iliyopita. Leo Karnataka ndiyo jimbo linaloongoza India kwa kuulima, na huko kinywaji chake huitwa ambali. Aliyelelewa na togwa ataitambua harufu yake mara moja.

Jioni ya kwanza, koroga kikombe 1 cha unga wa ulezi na vikombe 2 vya maji, funika kwa kitambaa, acha mezani mpaka kesho yake. Utakuta vipovu na harufu ya uchachu. Chemsha vikombe 4 vya maji na konzi moja ya mchele wa chenga. Mchele ukiiva, mimina ule uji mbichi taratibu huku mwiko hausimami. Moto uwe mdogo, dakika 15 hadi 20. Umeiva ukiugusa kwa kidole kilicholowa usinate. Acha upoe, funika, ulale tena usiku mmoja. Asubuhi chukua bonge moja, livuruge kwa mkono safi ndani ya mtindi uliozimuliwa kwa maji, tia chumvi na vitunguu vidogo vilivyokatwa. Kando weka pilipili mbichi ya kung'ata au achari ya embe. Wapo wafanyakazi wa ujenzi wanaoinywa asubuhi na kufanya kazi juani mpaka adhuhuri.

Kwa wagonjwa, mambo ni tofauti. Mtu wa figo, moyo au shinikizo la damu, ambaye amepimiwa chumvi na maji, asipewe hata glasi moja kabla daktari hajaulizwa. Niulizeni nimuulize, hilo ndilo ninalolipwa kufanya.

Jigarthanda ya mji wa Madurai, yenye maziwa yaliyochemshwa mpaka yakapungua na aiskrimu juu, ni tamu mno, ila hiyo ni ya kufurahia, kiu inabaki palepale. Nannari ndiyo ya kubeba kwenda nayo nyumbani. Ni sharubati ya mzizi wa porini, rangi ya kahawia, harufu kama ya udi. Vijiko 2 vya chakula katika glasi ya maji, ndimu nusu, na mbegu za mrehani, zile za kwenye faluda, zilizolowekwa dakika 10. Soma kwanza maandishi ya chupa, kwani nyingine ni rangi na manukato tu. Ukishaipata yenye mzizi wa kweli, izungushie mifuko miwili ya plastiki na uitie katika begi kubwa la mizigo, maana katika begi la mkononi utaiacha uwanja wa ndege.