Faiba ikikatika, modemu ishike: kupanga miunganisho kwa nmcli

Maelezo haya ni ya Linux inayotumia NetworkManager (programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, na `nmcli` ndiyo amri yake), kwa mfano Ubuntu ya mezani. Tunataka kompyuta ya ofisi iliyoko Kampala itumie faiba siku zote, na faiba ikikatika ihamie kwenye modemu ya laini ya simu bila mtu kugusa kitu.

1. Angalia kilichopo.

`nmcli device status`
`nmcli connection show`

Amri ya kwanza huonyesha vifaa, ya pili wasifu, yaani mipangilio iliyohifadhiwa. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na wasifu kumi, ila hutumia mmoja tu kwa wakati.

2. Tengeneza wasifu wa modemu. APN (jina la lango la intaneti la mtandao wa simu) iulize kampuni ya laini yako. Hapa nimeweka `internet` kama mfano.

`nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name akiba apn internet`
`nmcli connection modify akiba connection.metered yes`

Mstari wa pili huziambia programu kuwa bando linalipiwa. Zinazojali zitaahirisha masasisho. Nyingine zitalila tu.

3. Panga nani atangulie. Wengi hukimbilia `autoconnect-priority`, lakini hiyo huchagua wasifu ndani ya kifaa kimoja. Kati ya vifaa viwili kinachoamua ni metriki, yaani namba ya kupanga njia ipi itangulie, na ndogo ndiyo hushinda. Kwa kawaida kebo hupewa 100, waifai 600, modemu 700. Jihadhari na simu iliyochomekwa kwa USB: hujitokeza kama kebo, ikagombania nafasi na faiba. Ukitumia simu badala ya modemu, weka jina la wasifu wake hapa:

`nmcli connection modify akiba ipv4.route-metric 800 ipv6.route-metric 800`
`nmcli connection up akiba`

`modify` huandika tu. Bila `up` metriki inayotumika haibadiliki. Ukiwa umeingia kwa SSH (kuiendesha kompyuta ukiwa mbali) usitangulize `down`, utajifungia nje.

4. Jaribu. Kuchomoa kebo ya kompyuta hakutoshi. Mara nyingi ruta inawaka kwa betri huku faiba imekufa huko nje, na kompyuta huona kebo ni nzima. Chomoa waya wa faiba nyuma ya ruta (kichwa chake kisiguse vumbi), kisha:

`nmcli networking connectivity check`
`ip route`

Kama ukaguzi wa intaneti umewashwa, metriki ya kebo huongezewa 20000: 100 inakuwa 20100, modemu inashika. Bila amri hiyo ya `check`, ukaguzi wenyewe huja kila sekunde 300 usipobadilisha mpangilio. Vikao vya SSH vilivyokuwa wazi kupitia intaneti vitakatika, kwa kuwa anwani imebadilika; vifungue upya.