Kidonda kikavu msikifunge kwa shashi kavu
Jamani wenye wagonjwa wa sukari, hili nimeliona kwa bibi yangu hapa Ngamiani, Tanga. Kila tukibandua shashi kavu mguuni, inang'oka na nyama changa. Bibi anauma pindo la kanga, machozi yanamtoka. Muuguzi akatuonyesha haidrojeli: ute mzito kama wa mshubiri, sehemu kubwa ni maji. Hulowanisha kidonda kikavu na kulainisha ule utando wa manjano hadi uachie wenyewe. Paka ndani ya kidonda tu (ngozi ya pembeni ikilowa huwa nyeupe kama vidole vya aliyefua kutwa), kisha funika kwa bandeji. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku 1 hadi 3. Kidonda kinachotiririka maji haikifai. Mguu ukinuka, ukivimba au kuwa wa moto, hospitali siku hiyo hiyo.