Somo: Kuandaa setilaiti ya utafiti ya 1U kabla ya kurushwa

Hapa setilaiti imeshaunganishwa na programu yake inafanya kazi. Kilichobaki ni kuithibitisha, kuisafisha na kuizima.

1. Pima. CubeSat (setilaiti ndogo ya umbo la mchemraba) ya 1U, yaani ya kipimo kimoja, ni milimita 100 × 100 × 113.5, na kosa linaloruhusiwa ni milimita 0.1 tu. Pima kila reli (ukingo wa setilaiti unaoteleza ndani ya kasha) juu, katikati na chini. Iliyopinda itakwama kwenye kasha la kurushia.

2. Kaza skrubu kwa gundi ya kuzuia kulegea, kisha chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye bamba. Usipuuze kazi hii. Baada ya jaribio la mtikisiko, mstari uliokatika unakuonyesha mara moja skrubu iliyozunguka.

3. Tikisa kwa pande zote tatu. Kabla na baada, pitisha mtikisiko hafifu ulinganishe masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ambayo setilaiti inaitikia. Yakihama zaidi ya 5%, kuna kitu kimelegea au kimepasuka. Fungua utafute, usirudie jaribio ukitumaini litapita.

4. Ioke ndani ya chemba ya ombwe (isiyo na hewa), kwa kawaida 60 °C kwa saa 6 au 70 °C kwa saa 3. Mvuke wa gundi na plastiki usipotoka hapa, utaganda kwenye lenzi, yako au ya setilaiti jirani.

5. Chaji betri, chomeka pini ya usalama inayokata umeme, vaa glavu na mkanda wa kuondoa umeme tuli mkononi, ndipo uisukume taratibu ndani ya kasha. Swichi za reli, zinazoizima setilaiti ikiwa ndani ya kasha, zikishabanwa, chomoa pini.

Maswali

*Mkuu, swichi ikiachia kidogo roketi inapotikisika?*
Ndiyo maana saa ya ndani lazima irudi sifuri swichi ikibanwa tena. Antena hazifunguki kabla ya dakika 30 tangu setilaiti kuachiwa, redio haitumi mawimbi kabla ya dakika 45.

*Antena yangu imefungwa kwa uzi wa mshipi. Inatosha?*
Nailoni inafaa, ila weka rezista mbili za kuukata kwa joto, kila moja na njia yake ya umeme. Jaribu ndani ya ombwe, betri ikiwa baridi.

*Setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipita njia hii?*
Ilipelekwa kwanza Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikaachiwa kutoka Kibo, maabara ya Japani kituoni humo, tarehe 11 Mei 2018. Mzigo wa huko hufungwa kwenye sponji, hivyo mtikisiko hupungua. Lakini betri hukaguliwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa kuna watu ndani.