Somo: Kwenda Rusumo na kurudi bila kuachwa na gari

Wadau, maswali ya Rusumo, mpaka wetu na Rwanda kwenye daraja la mto Kagera, yananifikia kila wiki na ni yaleyale. Nayajibu hapa mara moja.

1. Beba pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi.

2. Ukitokea Kahama, pitia Lusahunga, shuka Benaco. Hapo panda mchomoko (gari dogo la kuchangia abiria) hadi mpakani.

3. Mifuko ya plastiki iache. Ni marufuku nchi zote mbili.

4. Ukiingia Rwanda, mihuri ya nchi zote mbili inagongwa ng'ambo ya daraja. Ukirudi, inagongwa kwetu.

5. SAA. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Karibu na daraja simu hudaka mtandao wa ng'ambo na kujibadilisha saa yenyewe, hata ukiwa bado Tanzania. Mimi nilikaa nikitazama maji, simu ikisema saa tisa, kumbe kwetu ni saa kumi. Benaco nikafika gari langu limeshaondoka, nikalala gesti bila kupanga. Kabla hujafika mtoni zima saa ya kujirekebisha na zima data, maana mtandao wa ng'ambo unakula salio. Dereva akikutajia muda, muulize: wa Tanzania au wa Rwanda?

6. Maporomoko yako jirani kabisa na daraja. Tazama, lakini jua unatazama nini. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kadiri ya wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka hapa kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ilipita na maji haya hadi Ziwa Viktoria. Kijiji chetu kiko chini ya Rusumo, na mwaka ule mama alitukataza kuchota maji mtoni. Samaki hawakuingia chunguni kwetu muda mrefu. Kwa hiyo usimuulize mtu kabila lake, na usipige picha za ofisi wala askari.

MASWALI

Mdau: Mkuu, pasipoti inahitajika?
Jibu: Namba 1.

Mdau: Nikirusha droni juu ya daraja kuna shida gani? Ni maji tu yale.
Jibu: Droni inataka kibali pande zote mbili, na pale ni mpakani. Kuhusu "maji tu", rudia namba 6.

Mdau: Shikamoo kaka. Huo mto unatoka wapi hasa?
Jibu: Marahaba. Ni mito miwili: Ruvubu unatoka Burundi, na mwingine unashuka kutoka Rwanda ukibeba maji ya Nyabarongo. Inakutana juu kidogo ya maporomoko na kuwa Kagera. Ukiwa na siku ya ziada, nenda Nyarubuye, kanisa ambalo watu walikimbilia wakauawa humo. Leo ni kumbukumbu. Meya wa wilaya ya Rusumo ya wakati ule, Sylvestre Gacumbitsi, alihukumiwa Arusha, na rufaa ya 2006 ikampa kifungo cha maisha.

Mdau: Asante sana. Na lugha?
Jibu: Kiswahili kinakutosha mpakani. Ukimpata Mhangaza wa Ngara, mfuate. Lugha yake inasikilizana na Kinyarwanda.

Mdau mwingine: Niongeze: ng'ambo magari yanapita kulia. Na bodaboda ni abiria mmoja, kofia kichwani. Mishikaki, yaani kupakiana wawili watatu, hakuna.