Kuiga ukuaji wa chembe za chuma kwa Python, hadi kwenye uimara wake

Mwanafunzi mmoja alinitumia programu yake akilalamika kuwa chembe (fuwele ndogo zinazounda chuma) zimegoma kukua. Mlinganyo ulikuwa sawa, gridi ndiyo iliyokuwa na shida. Kwa hiyo hatua ya 3 nimeirefusha makusudi.

1. Weka Python na NumPy, maktaba yake ya hesabu za safu za namba. Programu za kulipia ziache kwanza. Zinakuchorea picha za kuvutia kabla hujajua ndani kunatokea nini.

2. Andika mlinganyo wa Allen na Cahn (1979), unaoeleza jinsi mpaka wa chembe unavyosogea. φ ni 1 ndani ya chembe, 0 nje:

∂φ/∂t = −L[2φ(1−φ)(1−2φ) − κ∇²φ]

L (wepesi wa mpaka kusogea) = 1, κ (inayoamua unene wa mpaka) = 1.

3. Gridi. Kwa namba hizo mpaka wa chembe una unene wa kama 3. Ukiweka dx (umbali kati ya nukta za gridi) = 0.5 unapata nukta sita hivi ndani ya mpaka, zinatosha. Ukiweka dx = 2 ili kompyuta ikimbie, mpaka unanasa kwenye gridi na kusimama. Programu hailalamiki hata kidogo, na picha iliyotulia utadhani ni matokeo! Hatua ya muda iwe 0.04. Ukipunguza dx kwa nusu, hiyo igawe kwa nne, la sivyo namba zitalipuka.

Kisha jaribu chembe moja ya duara, nusu kipenyo 20, gridi ya 128 × 128. Jumlisha φ zote, zidisha kwa dx², chora dhidi ya muda. Eneo lishuke kwa mstari ulionyooka, kama 6.28 kwa kila kipimo kimoja cha muda, na duara litoweke karibu na 200. Mwishoni kabisa mstari hupinda kwa sababu duara limelingana na unene wa mpaka, hapo usihangaike. Mstari ukilala mapema, punguza dx. Usiguse hatua ya 4 kabla ya hapo.

4. Chembe nyingi: kila moja na φ yake, kwa njia ya Chen na Yang (1994). Kingo za gridi zijirudie, yaani kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili; `np.roll` ya NumPy inatosha.

5. Pima kipenyo cha wastani d, uingize kwenye kanuni ya Hall (1951) na Petch (1953): σ = σ₀ + k/√d, ambapo σ ni uimara wa chuma, na σ₀ na k ni namba za chuma husika. Kwa chuma chenye kaboni kidogo, σ₀ ni kama MPa 70 na k kama 0.74 MPa·√m. Chembe za mikromita 10 zinatoa MPa 304. Zikikua hadi 40, MPa 187. d iwe kwa mita. Ukitaka kujua chuma kitaanza kulegea wapi hasa, wastani hausaidii. Mimi huhamia DAMASK, programu inayoiga jinsi kila chembe inavyobeba mzigo, nayo ni ya bure.