Kufufua pikipiki kuukuu ya trayali kwa vipuri vilivyotumika

Kabla ya kununua chochote, andika namba za fremu na injini. Bultaco Sherpa T, kwa mfano, pikipiki ya Kihispania ya trayali (mashindano ya kupita kwenye mawe na vizuizi bila kukanyaga chini), ilitoka kwa matoleo mengi, na kipuri cha toleo moja huenda kisiingie kwenye jingine.

Kwenye injini ya mipigo miwili, anza na sili za krenki, yaani pete za mpira zinazozuia hewa kupita kando ya shafti ya injini. Zikikauka, injini inavuta hewa ya ziada, inachemka, na pistoni inakwama. Usirudishe sili za zamani hata zikionekana nzima! Pima kwa kalipa kipenyo cha ndani, cha nje na unene; mara nyingi duka la beringi lina saizi hiyohiyo. Ukishafunga, acha plagi mahali pake, ziba njia ya kabureta na ya ekzosi, jaza hewa ya baa 0.4 tu, kisha pakaza maji ya sabuni. Povu likitoka, fungua tena.

Ringi ya pistoni isukume ndani ya silinda, upime mwanya kati ya ncha zake mbili: takriban milimita 0.3 kwa silinda ya milimita 80. Ukiwa mdogo mno, ncha zitagusana injini ikipata moto.

Tanki la faibaglasi huharibiwa na petroli yenye ethanoli, na utomvu wake ukiyeyuka huziba jeti, yaani vitundu vya kupitisha petroli kwenye kabureta. Bora la alumini.